Sura ya Tano: Chungwa Chini ya Mkono

Picha ilikuwa bado ukutani, lakini Bwana Toussaint Bérard alikuwa ameifunika kwa shuka la kitandani, na shuka lenyewe akaligongomelea misumari minne. Kamishna Gaspard Authier aliomba liondolewe. Bérard akamwambia aling'oe mwenyewe, maana yeye ameapa kutoigusa ile picha mpaka siku ya kuichoma.

Authier aling'oa msumari mmoja mmoja kwa kisu chake cha jibini, akaitia yote mfukoni. Hakuonyesha haraka, ingawa muda ulikuwa mfupi. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja jioni gari la watawa lingefika kumchukua mke wa Bérard na kumpeleka kwenye nyumba yao ya kufungia wake waliokosa, miaka miwili, kichwa kimenyolewa. Ombi la mume lilikwisha andikwa. Ilibaki sahihi ya hakimu, na hakimu wa Marseille hatii sahihi ombi la namna hiyo kabla hajasoma maelezo ya kamishna wa mtaa.

Shuka likaanguka.

Ilikuwa bandari asubuhi, maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli. Jua lilikuwa limeinuka kidogo upande wa kushoto, nyuma ya ukungu wa manjano. Katikati meli ya Bérard imelegeza matanga. Mbele, gatini, wavuvi wanapanga nyavu, mbwa amelala juu ya mzigo wa pamba, wanawake wawili wanazungumza wakiwa wametazama baharini. Na pembeni yao kidogo amesimama Honorade, mke wa Bérard, mwenye gauni la buluu, ametazama mbele. Mkono wake wa kulia umenyooshwa, na mkono huo umeshikwa na mwanamume.

Bérard alieleza mambo yalivyokuwa. Juzi Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alialika wageni ishirini waje kuona picha yake ikifunuliwa. Fundi Balthazar Roumieu, mwenye karakana iliyoichora, alisimama hapa hapa akavuta kitambaa. Watu wakakaa kimya. Kisha mgeni mmoja akasema taratibu, bila hata kuweka glasi chini: "Bérard, kumbe meli yako imeshapata nahodha."

"Wakacheka?" Authier aliuliza.

"Wangecheka ningeona nafuu. Waliinama."

Uso wa yule mwanamume wote waliutambua. Alikuwa Elzéar Camoin, mchoraji wa watu katika karakana ya Roumieu. Roumieu mwenyewe huchora anga, maji na meli. Watu wote waliomo ni kazi ya Elzéar. Kijana huyo alikuja hapa nyumbani siku kumi na tatu kumchora Honorade, mpishi akiwa amekaa kando anafuma soksi. Bérard alitoa daftari dogo alimoandika mienendo ya mkewe, akamsomea Kamishna. Tarehe nne, dirishani mara tatu. Tarehe tano, dirishani mara mbili, ya pili kwa muda mrefu. Tarehe sita, alicheka peke yake. Baada ya tarehe sita aliyapigilia misumari madirisha yote yanayotazama bandari.

"Nilikuwa na haki au sikuwa?"

Authier alikwisha mgeuzia mgongo. Alikuwa amesogeza pua karibu na picha. Kila kitu gatini kilikuwa na kivuli chake kilichoangukia kulia: wavuvi, mbwa, hata kipande cha kamba. Yule mwanamume hakuwa na kivuli. Tena picha nzima ilikuwa inang'aa kidogo, kama sakafu iliyopigwa nta, lakini palipokuwa na mwanamume pamefifia.

Akaomba kuzungumza na mke.

Honorade alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mumewe hamsini na miwili. Alikaa chumba cha nyuma, mbele yake sahani ya zeituni ambazo hakuzigusa. Kamishna alimuuliza kama Elzéar ni hawara yake. Hakulia wala hakuapa.

"Kama ningetafuta hawara, Kamishna, ningetafuta asiyejua kuchora."

Alisema alisimama peke yake siku zote kumi na tatu, na kilichomtesa ni mkono. Alishikishwa chungwa. Ilikuwa ni kumbukumbu ya shehena ya kwanza ya meli ya mumewe, na Bérard mwenyewe ndiye aliyeliagiza liwekwe. Siku ya tatu chungwa likaoza, akaletewa jingine.

"Kwenye picha sikuona chungwa," alisema Authier.

"Mimi hata picha sijaiona. Alhamisi nilisikia tu kimya, halafu mume wangu akaja akaninyang'anya kipepeo nilichokuwa najipepea."

"Na macho? Ulitazama wapi ulipokuwa unachorwa?"

Akachukua zeituni moja, akaigeuza, akairudisha.

"Nilitazama nilikoambiwa nitazame."

Karakana ya Roumieu ilikuwa juu ya duka la kamba, ngazi arobaini. Kamishna alizipanda huku akijua kwamba hapo juu kuna watu wawili ambao kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na ndivyo ilivyokuwa. Elzéar alikuwa anakula dengu na dagaa wa chumvi karibu na dirisha. Aliposikia jina la Bérard aliacha kijiko. Alisema huo uso ni wake, amesimuliwa, ila hakuuchora yeye, na kama Kamishna anamtafuta mwenye sababu ya kumwangamiza hana haja ya kwenda mbali.

"Muulize mzee. Mwaka mzima huu hanipi hata habari za asubuhi."

Roumieu hakukanusha. Alikuwa mtu mkubwa mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, na aliongea akiwa amempa Elzéar mgongo.

"Miaka thelathini nachora anga, Kamishna. Ukungu ule ulinichukua wiki sita. Wateja wanaingia, wanasimama mbele ya picha yangu, wanasema: hebu ona yule mvuvi anavyopiga miayo. Mvuvi! Nani amewahi kusema, hebu ona hewa?"

"Kwa hiyo ukamwongeza mtu mmoja, umwondoe aliyechora watu."

"Mimi siwezi kuchora mtu. Muulize yeye, atakwambia kwa furaha."

Elzéar alikiri kwamba hilo ni kweli. Watu wa mzee hufanana na viazi.

Authier akataja alichokiona: sehemu zote zinang'aa, mwanamume amefifia. Hapo Roumieu akageuka. Alieleza kama mtu anayerudisha kitu alichokificha. Rangi ya mafuta haipakwi vanishi ikiwa bado changa, mpaka upite karibu mwaka. Lakini mteja hataki picha iliyofifia. Basi karakana zote hupaka ute wa yai uliopigwa, ukikauka unang'aa, na baada ya mwaka unaoshwa kwa maji. Yeye alipaka ute picha ya Bérard siku ya Jumatano, kesho yake ikiwa sikukuu ya Ekaristi. Kisha akaifunika shuka, kwa sababu nzi wanapenda yai kuliko watu wanavyolipenda, akaigeuzia ukutani. Haikufunuliwa tena mpaka kwa Bérard, siku nane baadaye.

"Na mtu akipaka rangi juu ya ute?"

"Hakuna mchoraji atakayefanya hivyo. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Rangi haishiki kitambaa, imekaa juu ya yai. Ukipitisha sponji yenye maji ya baridi inabanduka kama utando wa maziwa. Ila yawe ya baridi. Ukitumia ya moto unalipika yai, na kila kitu kimekwisha."

"Alhamisi ulikuwepo. Uliona kwamba pamefifia."

"Niliona."

"Ulijua kwamba ni sponji moja tu."

Roumieu akajifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Nilidhani wataishia kumfukuza huyu," alisema, akimwonyesha Elzéar kwa kidevu. "Ya mwanamke sikuyafikiria."

Elzéar alikichukua kijiko chake. Alirudia dengu zake, akala haraka, akafuta sahani kwa mkate. Kamishna alikuwa amesimama juu yake, na mkate ulivyopita ndani ya sahani pakatokea mchoro: mvuvi ametazama upande, na pua ya mvuvi ilikuwa pua ya Elzéar. Mstari wa uso ulikuwa mmoja tu, kuanzia paji hadi kidevu, brashi haikuinuliwa mahali. Ndivyo ulivyokuwa pia mstari wa uso wa yule mtu asiye na kivuli.

Authier akauliza sahani imetoka wapi. Elzéar akasema ni ya mchumba wake, Dauphine Vial, anachora vyombo kwenye karakana iliyo nje ya lango la Aix.

"Mwaka mzima nakula juu ya uso wangu," alisema. "Ananiambia ni ili nisile kwa mwingine."

"Siku ya Ekaristi karakana hii ilikuwa na nani?"

"Na nani awepo? Mji mzima ulikwenda kumwangalia ng'ombe wa maua, yule anayepambwa na kutembezwa kila mwaka, na maandamano. Mimi nilimngoja Dauphine kwenye kona ya wauza samaki, hatukuonana. Alisema alikwama kwenye watu."

"Ufunguo?"

Elzéar aliutazama mlango. Ufunguo hukaa chini ya chungu cha gundi mlangoni. Dauphine ndiye humletea chakula.

Ilikuwa saa saba kasoro Authier alipoingia karakana ya vyombo. Wanawake kumi walikuwa wameketi kwenye benchi ndefu, kila mmoja na sahani nyeupe mbichi mapajani, na joto la tanuri lilikuwa linakuja kutoka ukuta wa nyuma. Mmoja alimwona akapaza sauti kwamba Dauphine amepatiwa bwana harusi mwenye wigi, wengine wakaangua kicheko. Dauphine hakucheka. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mkono mwepesi, na shingo imeinama kwa kazi.

Kamishna aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwomba aendelee na kazi. Alimtazama akichukua karatasi iliyotobolewa vitundu vidogo vinavyofuata mchoro, anailaza juu ya sahani, anaigonga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Akiiondoa karatasi, vidoti vyeusi vinabaki. Kisha brashi inafuata vidoti mara moja tu, maana udongo ule mweupe hunywa rangi papo hapo, hakuna kufuta wala kurudia. Samaki akaisha kwa pumzi moja.

"Una karatasi ya mvuvi?" Authier aliuliza.

"Wavuvi wako wengi."

"Mwenye pua ya Elzéar."

Brashi ilisimama. Mwenzake wa pembeni akasogea kusikiliza, Dauphine akamkanyaga mguu. Akafungua sanduku lake, akatoa karatasi akamkabidhi bila kumtazama.

Authier aliipeleka kwenye mwanga. Zile nyingine sandukuni zilikuwa laini na chafu. Hii ilikuwa ngumu upande mmoja, na upande huo unang'aa. Kwenye pembe yake palikuwa na nzi, mzima, mabawa yamenasa.

"Huyu hakunasa kwenye udongo," alisema Authier. "Amenasa kwenye yai. Uliilaza karatasi juu ya picha ya Bérard kabla ute haujakauka sawasawa."

"Mimi sijui mambo ya mayai."

"Najua hujui. Ungejua usingepaka. Hilo peke yake limewatoa hatiani Roumieu na Elzéar."

Dauphine aliweka sahani chini. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mteja chombo kilichopasuka. Alisema siku kumi na tatu Elzéar alikwenda kuchora mkono. Mkono mmoja. Yeye huchora mikono ishirini kwa siku, ana ndoa za kuchora, wachungaji, malaika, na hakuna mkono uliomchukua siku kumi na tatu. Elzéar alikuwa akirudi jioni hazungumzi. Kabla ya hapo alikuwa akizungumza mpaka anamchosha. Basi siku ya Ekaristi, watu wakiwa kwa ng'ombe wa maua, alipanda ngazi arobaini akaona kwa macho yake kilichochukua siku kumi na tatu.

"Ulitaka nini?"

"Mumewe amkataze kuingia mle ndani. Basi."

"Leo saa kumi na moja anapelekwa kwa watawa. Miaka miwili. Watamnyoa."

Dauphine alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Kichwa chote?"

"Chote."

Akatoa aproni yake, akaikunja mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Walipofika mlangoni akamshika Kamishna mkono wa koti.

"Nitamfuta mtu wangu. Lakini nikuambie, ujue. Mimi nilimwongeza mwanamume tu. Macho ya yule mke sikuyagusa. Niliyakuta."

Authier alitembea njia nzima na maneno hayo. Wanawake wengine wawili kwenye gati, alikumbuka, wote walikuwa wametazama baharini.

Bérard aliwapokea amesimama, daftari mkononi. Honorade aliletwa, kwa sababu Kamishna alitaka awepo. Mpishi alileta beseni, na beseni lilikuwa linatoa mvuke; Authier akamrudisha nalo, akaagiza maji ya kisimani, hata kama mikono itauma. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

Dauphine alichovya sponji, akaikamua, akaipitisha juu ya kofia ya yule mwanamume. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Akapitisha tena. Ukingo wa kofia ukakunjamana, kisha ukateleza, na bega likafuata, na uso wa Elzéar ukaanguka ndani ya beseni ukiwa kipande kimoja. Vidoti vya mkaa vilibaki kidogo kwenye kitambaa, vimepangana kama mshono, halafu navyo vikatiririka. Nyuma yake palikuwa na ukungu wa manjano, mzima. Mwisho akasafisha mkono.

Chungwa lilikuwa pale. Limekaa kwenye kiganja cha Honorade, na kivuli chake kidogo kimeangukia kulia.

Bérard alilitazama muda mrefu. Authier alimweleza kila hatua: kivuli, kung'aa, yai, karatasi, nzi. Alimweleza huyu msichana ni nani. Alimwambia kwamba akimshtaki itabidi aseme mbele ya mahakama kuwa mchora sahani alimdanganya yeye na wageni wake ishirini. Bérard akatafakari hilo, akasema hatashtaki. Lakini akamgeukia Dauphine.

"Lazima ulikuwa na sababu. Mtu haoti tu jambo kama hili. Uliona nini?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye sponji. Honorade alikuwa ameiona picha kwa mara ya kwanza, na alikuwa anaitazama ile sura yake yenye gauni la buluu, na rangi ilimpanda polepole kutoka shingoni. Dauphine aliiona rangi hiyo. Aliitazama mpaka ilipofika kwenye masikio.

"Sikuona kitu, Bwana," alisema. "Wivu tu. Sikuwa na sababu."

Bérard akaiendea karatasi ya ombi lake kwa hakimu, akaishika ili aichane. Mkono ukasimama.

"Mbona wenzake wanatazama bahari?" aliuliza. "Huyu anamtazama nani?"

Ni Dauphine aliyemshika tajiri yule kiwiko, kwa mkono wenye maji, akamsogeza hatua mbili mpaka katikati ya chumba.

"Anamtazama aliyesimama mbele yake. Simama hapo. Sasa anamtazama nani?"

Bérard akatazama. Akasogea kushoto, akatazama. Akasogea kulia. Macho yalimfuata.

"Mimi," alisema.

Akaichana karatasi. Kisha akamwambia mpishi amletee kiti kile chenye mikono, akakiweka mbele ya picha kabisa, pale ambapo mtu mwingine hawezi kusimama ila awe nyuma yake, akaketi. Alisema gari la watawa lirudishwe. Alisema chakula chake kiletwe hapo hapo. Dauphine alikwisha toka, amebeba beseni na uso uliokuwa ndani yake.

Authier aliandika maelezo yake kwenye meza ya kando, mistari kumi na mmoja, bila neno lolote kuhusu macho. Alipokuwa anakausha wino alimwona Honorade amesimama kwenye dirisha la bandari, anapima kichwa cha msumari kwa ukucha. Kamishna alipita karibu naye akiaga. Hakugeuka nyuma, na kisu chake cha jibini alikisahau kwenye ukingo wa dirisha.

Akiwa kwenye ngazi alisikia msumari wa kwanza ukianguka sakafuni. Alisubiri kidogo. Kiti cha Bérard hakikulia.